Shajara ya mradi: kupima uhakika wa umeme kisiwani, kuanzia kwenye soketi ya mteja

Machi, mvua bado

Tumeanza na daftari la fundi. Kwenye nyumba ya mtambo kuna daftari la mistari, jalada limeshalegea kwa kushikwa, na kila inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri na paneli kuwa wa kutumika majumbani, inapozima fundi anaandika saa ya kuzima, saa ya kuwaka na sababu. Ni kazi safi, na ipo mitambo mingi mikubwa kuliko huu isiyo na kumbukumbu kama hii. Ukilisoma unaona mtambo huzimika mara chache. Ukishuka mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, ukawauliza wauza samaki, wanakwambia umeme hauaminiki, barafu inayeyuka kabla boti ya Mwanza haijaja. Wote wanasema kweli. Fundi anapima kwenye inverta, wauza samaki wanapima kwenye friza.

Gridi yenyewe ni ndogo. Kuna paneli za jua, betri, inverta na jenereta ya dizeli ya akiba, vyote mikononi mwa kikundi cha kijiji. Kutoka mtamboni zinatoka laini tatu: ya senta, ya mwaloni, na ya kitongoji cha juu kwenye zahanati. Gridi ya taifa haifiki huku. Wateja wanalipa kwa simu, yuniti zinaingia kwenye mita, zikiisha mita inakata.

Sasa chukua mfano wa hesabu. Gridi ina wateja 200, laini moja yenye wateja 40 imekatika saa 3, nyingine ziko salama. Kwenye daftari la mtambo hakuna cha kuandika, kwa sababu inverta haikuzima hata sekunde moja. Kwa kipimo cha SAIDI, yaani wastani wa muda ambao kila mteja amekosa umeme, kinachotumiwa na mashirika ya umeme duniani, unachukua wateja 40 mara dakika 180, unagawa kwa wateja wote 200, unapata dakika 36 kwa kila mteja. Hapo angalau tukio limeonekana. Ila mwenye friza mwaloni hakukosa dakika 36, amekosa saa 3. Ndiyo maana tumeamua kwamba kila takwimu ya mradi huu itatolewa kwa laini, na ile ya jumla itafuata baadaye, kama kuna anayeihitaji.

Jambo la pili tulilokubaliana kabla ya kufunga kifaa chochote ni saa za jioni. Mtu akisema mtambo wake unapatikana kwa asilimia 98, inasikika vizuri. Mwezi wa siku 30 una saa 720, kwa hiyo asilimia 2 iliyobaki ni saa 14 na dakika 24. Zikitokea usiku wa manane, wengi hawatajua. Zikitokea zote kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku, mwezi mzima una saa 120 tu za namna hiyo, na mteja amekosa asilimia 12 ya umeme wa jioni. Ni asilimia 98 ileile. Mfumo wa ngazi wa ESMAP, programu ya nishati iliyo chini ya Benki ya Dunia, uliliona hili. Uliotolewa mwaka 2015, unapanga huduma ya umeme kuanzia ngazi 0 hadi 5, na saa za jioni unazihesabu peke yake: ngazi ya 4 inataka angalau saa 16 kwa siku na zote 4 za jioni. Tunaufuata mfumo huo katika mambo mengi, na hili la jioni ni mojawapo.

Aprili, masika

Vifaa vimefika na vimefungwa. Tumeviunda wenyewe, na nitaeleza vilivyo ndani kwa ajili ya wanaotaka kuiga. Ubongo ni ESP32, chipu ndogo ya kompyuta. Volti inasomwa kupitia kihisi cha ZMPT101B. Saa ni DS3231 yenye betri yake ya kitufe, haipotei zaidi ya kama dakika moja kwa mwaka, na hilo ni la lazima kwa sababu kifaa kinachowaka upya bila saa kinaandika matukio kwa tarehe isiyo sahihi. Taarifa zinatumwa kwa modemu ya SIM800L kupitia mtandao wa 2G. Ndani kuna betri ndogo ya lithiamu, ili umeme ukikatika kifaa kibaki hai na kutoa taarifa, pamoja na kadi ya kumbukumbu ya kutunzia kila kitu pale mtandao wa simu nao unapopotea.

Jihadharini na modemu hiyo. Inapotuma, kwa muda mfupi sana huvuta hadi ampea 2. Kama betri ni dhaifu au waya ni mwembamba, kifaa kizima kinajizima na kuanza upya, na kitafanya hivyo wakati uleule kinapojaribu kuripoti kwamba umeme umekatika. Kapasita kubwa karibu na miguu ya modemu ndiyo dawa. Tumeweka kwa kila kifaa.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye ukimya. Kifaa kisipotuma kitu, inaweza kuwa umeme hakuna na betri ya ndani imekwisha. Inaweza kuwa mnara wa simu umezimika. Inaweza kuwa mtoto amekichomoa achaji simu. Inaweza kuwa mwenye nyumba ameishiwa yuniti. Ukichukua ukimya wote ukauita kukatika kwa umeme, unamwonea fundi. Ukiutupa wote, unamwonea mteja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliofunga vifaa vya PowerWatch mjini Accra, Ghana, kuanzia 2018, walikabili jambo hilohilo na wakalitatua kwa kulinganisha majirani: kifaa kimoja kikizimika peke yake huenda kimechomolewa, vikizimika viwili au zaidi vya mtaa mmoja kwa wakati mmoja, umeme umekatika. Tumeiga. Kila laini ina kifaa karibu na mtambo, kingine katikati, na kingine nguzo ya mwisho. Laini nzima ikizimika pamoja, tatizo ni la laini. Laini tatu zikizimika pamoja, ni la mtambo. Kikizimika kimoja, tunampigia simu mwenye nyumba.

Suala la yuniti kuisha lilizua mjadala mrefu ndani ya timu. Wapo waliosema nyumba isiyo na yuniti iko gizani, na giza ni giza. Msimamo wangu ni kwamba kuishiwa hela na kukatiwa na mtambo ni mambo mawili yenye tiba mbili tofauti, na ukiyachanganya hakuna linalotibiwa. Tumeliwekea safu yake. Kikundi kimekubali kutupa kumbukumbu za mita ili tujue nani alikuwa na yuniti na saa ngapi, na wateja wenyewe wametia saini kukubali. Hilo la saini tumelisimamia kwa makini, kwa sababu kifaa cha namna hii kinaweza kumwambia mgeni ni saa ngapi nyumba haina mtu.

Kuna gharama nyingine ambayo miradi mingi huisahau. Kifaa chetu kinakula kama wati 1 muda wote. Kwa mwezi ni yuniti 0.72, na yuniti hizo anazilipa mteja. Kwa nyumba inayowasha taa mbili na kuchaji simu hicho si kitu kidogo. Kila mwenye kifaa anarudishiwa yuniti mwanzoni mwa mwezi, na anarudishiwa zaidi kidogo ya kile kifaa kinachotumia.

Pamoja na vifaa, kaya kadhaa zinaandika daftari: umeme ulikatika saa ngapi, ulirudi saa ngapi, ulikuwa unafanya nini. Saa zinaandikwa kwa Kiswahili kama watu wanavyozisema. Kifaa kinaandika saa za dunia, zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3. Kwa hiyo saa 2 usiku ya daftari ni 17:00 ya kifaa. Programu yetu inafanya ubadilishaji huo, na hakuna mwandishi wa daftari anayeombwa kufikiri kwa saa nyingine.

Mei, giza la mwezi

Mwezi huu umetufundisha mengi kuliko tulivyotarajia.

Kwanza, mwezi wenyewe, ule wa angani. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hukaa nchi kavu kwa sababu taa haivuti samaki. Wakati wa giza, betri za taa huletwa kuchajiwa, mwalo unajaa watu, vibanda vya chakula vinakesha, na laini ya mwaloni inabeba mzigo mkubwa. Wakati wa mbalamwezi mwalo umepoa, lakini wanaume wako nyumbani na banda la mpira senta linajaa. Mtu akija kupima kisiwa hiki kwa wiki moja, atapata jibu linalotegemea wiki aliyofika. Kipimo cha visiwani lazima kizunguke mwezi mzima mwandamo, na ikiwezekana kirudie masika na kiangazi.

Pili, umeme mdogo. Tulikuja tukiuliza umeme upo au haupo, na mwaloni tukakuta swali pungufu. Nilikaa kwa mama mmoja mwenye friza karibu na nguzo ya mwisho, nikiangalia namba kwenye kifaa. Volti ilikuwa 221, ikashuka 214, ikatulia hapo. Kisha mashine ya kusaga iliyo mbele kidogo kwenye laini hiyohiyo ikawashwa. Taa ya ukutani ilififia mpaka ikawa rangi ya majani makavu, namba ikaanguka chini ya 180, friza ikanguruma mara mbili ikanyamaza. Baada ya sekunde chache volti ikapanda, ila haikurudi ilikokuwa. Mama akainuka akachomoa friza bila hata kuangalia. "Nikiiacha inaungua," alisema. "Nangoja mzee amalize kusaga."

Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida, na waya mwembamba wa mbali hauwezi kuubeba bila volti kushuka. Kompresa ya friza ikijaribu kuanza kwa volti ndogo inashindwa kuzunguka na inapata joto. Yule mama amejifunza kuilinda mali yake kwa kuikosesha umeme. Kwenye daftari la fundi, muda wote huo umeme ulikuwepo. Kwenye hesabu ya SAIDI, ulikuwepo. Kwa kifaa kinachouliza upo au haupo, ulikuwepo. Samaki hawakupata baridi. Prayas, shirika la Pune, India, linaloendesha mpango wa kufuatilia umeme majumbani, lilichagua kurekodi volti ya mteja kila dakika, na sasa naelewa vizuri kwa nini. Tumeongeza kipimo cha saa za umeme mdogo na tumekipa uzito sawa na kukatika.

Tatu, alfajiri. Vifaa vinaonyesha kukatika kati ya saa 9 na saa 12 alfajiri, hasa baada ya siku mbili tatu za mawingu mfululizo. Madaftari ya kaya hayana matukio hayo karibu yote, kwa sababu watu wamelala. Betri inafika chini, inverta inajizima kujilinda, jua linapopanda inarudi. Anayeyajua ni nesi wa zahanati. Jokofu lake la chanjo lina paneli zake lenyewe, maana chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na hakuna aliyetaka kulitegemeza kwenye laini. Lakini taa ya chumba cha kujifungulia iko kwenye gridi. "Umeme wa mchana sina ugomvi nao," alituambia. "Nipeni wa alfajiri. Mama mwenye uchungu haji kwa ratiba ya betri." Kwa hiyo zahanati ina hesabu yake peke yake, usiku kucha, na sitakubali iingizwe kwenye wastani wa wateja wengine. Kwenye SAIDI zahanati ni mteja mmoja kati ya wote, sawa na kibanda cha kuchaji simu.

Jambo la nne ndilo lililonifurahisha zaidi kama fundi. Kwenye mtambo huu, inverta za paneli zimeungwa upande wa umeme wa mkondo geu, pamoja na inverta ya betri. Betri inapokaribia kujaa, inverta yake inapandisha masafa ya umeme, yaani idadi ya mizunguko ya mkondo kwa sekunde, juu ya hezi 50, na inverta za paneli zikiona hivyo zinapunguza uzalishaji. Ndivyo mitambo mingi ya aina hii inavyowasiliana bila waya wa mawasiliano. Maana yake ni kwamba habari za betri zinasafiri ndani ya umeme wenyewe mpaka kwenye soketi ya mwisho. Tuliongeza mistari michache kwenye programu, kifaa kikaanza kuhesabu masafa, na sasa ukikaa kwa kinyozi wa senta saa 7 mchana unaona hezi zikipanda kuelekea 51. Betri imejaa. Siku za mawingu hazipandi kabisa, zinabaki 50 mpaka jua linazama.

Faida yake ni kubwa. Siku masafa yasipopanda mchana, unajua betri inaingia usiku ikiwa haijashiba, na kwamba alfajiri kuna hatari. Ni taarifa ya saa nyingi kabla ya giza, inapatikana kwa kifaa cha bei ndogo kilichochomekwa kwenye duka la mtu, bila kugusa mtambo. Fundi anaweza kuwasha jenereta jioni kwa muda mfupi badala ya kuamshwa na simu ya nesi. Tumemtengenezea ujumbe mfupi wa simu unaokuja saa 11 jioni: betri imejaa leo, au haikujaa.

Juni, upepo wa kusi

Tumekaa kikao na kikundi, mwenyekiti wa kitongoji, nesi, mzee wa mashine na wawakilishi wa mwaloni. Fundi alikuja na wasiwasi, na alikuwa na haki. Namba za namna hii zikitangazwa vibaya zinageuka fimbo ya kumchapia mtu anayepanda nguzo kwenye mvua peke yake. Nilimwomba yeye ndiye asome grafu za laini ya mwaloni mbele ya watu. Alizisoma vizuri kuliko ambavyo ningezisoma, kwa sababu anaijua kila nguzo. Alipofika kwenye zile volti za mchana alisema wazi kwamba aliomba waya mnene kwa laini hiyo tangu zamani na hakuwa na kitu cha kuonyesha. Sasa anacho.

Mzee wa mashine hakupenda kuwa chanzo cha friza za wengine kunyamaza. Amekubali kusaga mchana, jua likiwa juu, na kufunga kabla ya saa 11 jioni, mpaka kikundi kipate kifaa cha kuwasha mota polepole. Alitaka jambo moja tu, lisemwe kwamba mashine yake si mbovu. Si mbovu. Mota yoyote ya ukubwa ule kwenye waya ule ingefanya hivyo.

Mjadala mzito ulikuwa wa kukatika kwa muda mfupi. Kiwango cha IEEE 1366, cha taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, kinahesabu kukatika kwa dakika 5 au chini kama kwa muda mfupi na hakikuingizi kwenye SAIDI. Kwa taa na redio hilo halina neno. Kwa friza, umeme ukienda na kurudi mara nyingi ndani ya saa moja ni bora ungekatika kabisa. Mfumo wa ngazi unahesabu idadi kwa wiki: ngazi ya 4 inaruhusu kukatika hadi mara 14, ngazi ya 5 hadi mara 3 kwa jumla isiyozidi saa 2. Tumeamua kutunza hesabu zote mbili, na wawakilishi wa mwaloni wamesema wao wanaitazama ile ya idadi.

Kilichopitishwa ni kwamba kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kitongoji, kila Jumatatu, zitaandikwa kwa chaki saa za jioni zilizokosekana kwa kila laini, idadi ya kukatika, na saa za umeme mdogo. Zahanati mstari wake peke yake. Asilimia ya mtambo haitaandikwa. Kikundi kilitaka iwepo kwa sababu inapendeza kwa wafadhili, na nilieleza kwa nini naipinga. Itabaki kwenye ripoti yao wenyewe.

Radi zimetuunguzia vifaa kadhaa wakati wa masika, hasa kwenye laini ya kitongoji cha juu, iliyo mlimani. Tumeagiza vikinga radi na tunabadilisha fyuzi za ndani ziwe za kuchomoka, ili mwenye nyumba aweze kuibadilisha bila kutungoja. Kuanzia Julai tunapima kiangazi, paneli zikiwa na vumbi na mawingu yakiwa machache, na kaya zinazoandika daftari zitabadilishwa kwa sababu zile za kwanza zimechoka na zimeomba kupumzika. Michoro ya kifaa na programu yake itakuwa tayari mara tu hesabu ya masafa itakapokuwa imejaribiwa kwenye jenereta ikiwa inaendesha peke yake, maana jenereta nayo hupandisha na kushusha hezi kwa sababu zake, na kifaa lazima kijue tofauti kabla hakijamwambia fundi kwamba betri imejaa.